Namba A500

Tangu Aprili 2008, silabi ya kwanza ya Kivai, maandishi ya Wavai wa Liberia, ina namba A500 kwenye kompyuta zote duniani. Mtu akiiandika Monrovia na kuituma Dar es Salaam, kinachosafiri ni namba hiyo, wala si picha ya herufi. Simu inayoipokea ndiyo inayotafuta umbo la kumchorea msomaji. Orodha inaishia A62B, na ukizihesabu zote, mwanzo hadi mwisho, unapata alama 300. (Namba hizi hutumia tarakimu 0 hadi 9 kisha huendelea na A hadi F, ndiyo sababu ya sura yake.)

Naandika kueleza alama hizo 300 zilifikaje hapo. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu, na kwa miaka mingi nimekaa na herufi kutwa kucha, nikizipima, nikizisogeza, nikigombana nazo. Katika yote niliyoyasoma kuhusu herufi na kompyuta, habari ya Kivai ndiyo iliyonigusa zaidi, na huwa inasikitisha kuona inavyosimuliwa kijuujuu: maandishi ya zamani ya Afrika Magharibi yameingizwa kwenye kompyuta, makofi tafadhali. Aliyewahi kukaa na kazi ya aina hii anajua kwamba kompyuta ndiyo sehemu nyepesi. Uzito uko kwenye kuamua herufi ni kitu gani, ipi na ipi ni herufi moja iliyoandikwa na mikono miwili tofauti, na ipi iliyokufa inastahili bado kuwekewa nafasi.

Kwanza, silabi. Aliyepita darasa la kwanza kwetu anazijua: ba, be, bi, bo, bu, darasa zima kwa sauti moja, mwalimu akigonga ubao kwa fimbo. Sisi tunaziandika kwa herufi mbili mbili. Wavai wanaziandika kila moja kwa alama yake. Alama ya "ba" haijengwi kwa b na a. Ni umbo moja zima, na "bi" ni umbo jingine kabisa. Lugha yao, ambayo ni ya jamii ya Kimande, ina irabu saba, na nyingine hutamkwa kwa puani, kwa hiyo alama zinazotumika zinapita mia mbili. Wingi huo hautishi kama unavyodhaniwa. Lugha ambayo silabi zake nyingi huishia kwa irabu inakubali vizuri maandishi ya namna hii. Hata Kiswahili kingekubali.

Aliyeyaanzisha ni Momolu Duwalu Bukele, mtu wa mji wa Jondu, katika eneo la Cape Mount, magharibi mwa Liberia ya leo, karibu na mpaka wa Sierra Leone. Mwaka unaotajwa ni 1833 au karibu na hapo. Habari zake hazikutokana na hadithi za vizazi vya baadaye. Mwaka 1849 ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, Frederick Forbes, aliyekuwa doria ya kuzuia biashara ya watumwa kwenye meli ya Bonetta, aliona maandishi asiyoyafahamu kwenye ukuta wa nyumba huko Cape Mount. Habari zilipofika Sierra Leone, mmisionari Mjerumani Sigismund Koelle akasafiri kwenda kumtafuta mwenyewe. Alimkuta Bukele akiwa hai na akamhoji. Bukele alimwambia kwamba alioteshwa: mtu alimjia usingizini na kitabu, akamwonyesha alama. Kulipokucha alikuwa amesahau nyingi, akawaita rafiki zake, wakakaa pamoja kuzitunga upya na kuziongeza. Kisha wakamwendea mfalme wao na zawadi ya chumvi ili awape baraka ya kuyafundisha. Shule ikafunguliwa Jondu, vita vikaja vikaivunja. Maandishi hayakufa.

Napenda sana hapo kwenye rafiki zake. Kila mahali anasifiwa mtu mmoja na ndoto yake, na anastahili, lakini mwenyewe alisema wazi kwamba asubuhi ile aliita watu. Maandishi haya ni kazi ya kikao tangu siku ya kwanza. Hilo litarudi huko mbele, maana kila yalipovuka hatua kubwa yalivushwa na kikao.

Wapo watafiti waliouliza kama kuna uhusiano na Wacherokee wa Marekani. Sequoyah alikamilisha maandishi yake ya silabi mwaka 1821, na Mcherokee mmoja aitwaye Austin Curtis alihamia Liberia, akaoa na kuishi katika eneo la Wavai kabla ya Bukele kuanza. Inawezekana wazo la kuandika silabi lilifika kwa njia hiyo. Sioni kwamba jambo hilo linampunguzia Bukele chochote. Wazo linaweza kuvuka bahari. Alama za Kivai, sauti za Kivai na wanafunzi wa Jondu vilipatikana pale pale.

Kwa miaka zaidi ya mia moja na sabini maandishi hayo yaliishi kwa kalamu. Hayakuwa ya serikali, wala ya misheni, wala ya madrasa. Liberia ilifanya mambo yake kwa Kiingereza na dini ilisomwa kwa Kiarabu. Kivai kilibaki na mambo ya watu: barua kwa ndugu walio mbali, hesabu za duka, kumbukumbu za vyama, madeni, vizazi na vifo. Katika miaka ya 1970 wanasaikolojia wawili Wamarekani, Sylvia Scribner na Michael Cole, walikaa na Wavai kuchunguza kusoma na kuandika kunamfanyia nini mtu. Walikuta kama mwanaume mzima mmoja katika watano anasoma Kivai, ilhali hakuna shule hata moja iliyokifundisha kwa ratiba. Mtu alifundishwa na rafiki au mjomba, jioni, kwa wiki kadhaa au miezi, hadi akaweza kuandika barua yake mwenyewe. Wanawake waliojifunza walikuwa wachache sana, na hilo lazima lisemwe.

Sasa fikiria unataka kuyaweka kwenye kompyuta.

Kiswahili kiliingia humo bila kuombewa nafasi. Msimbo wa kwanza uliotawala, yaani orodha ya namba za herufi, ule wa Kimarekani wa miaka ya 1960, ulikuwa na nafasi 128 tu, na Kiswahili kikatoshea chote, hata alama ya juu ya ng'ombe ilikuwamo. Ndiyo maana wengi wetu hatujawahi kuliwaza jambo hili. Tulipewa kibodi ya Kiingereza tukaanza kuandika. Mswahili anayepanga vitabu vya dini ndiye huligusa kidogo, pale aya ya Kurani inapogeuka herufi zilizotawanyika na kusomeka kinyume, na njia ya zamani ya kukwepa balaa hiyo ilikuwa kuiweka aya kama picha. Picha haitafutiki, hainakiliki, na kipofu anayetumia programu ya kusomewa hasikii chochote.

Lugha zilizokosa nafasi zilikuwa na ujanja mmoja. Unachora fonti, yaani seti ya maumbo ya herufi, ambamo mahali pa A pamekaa silabi yako, mahali pa B silabi nyingine, na kadhalika. Kwenye karatasi inatoka safi. Lakini ndani ya faili hakuna Kivai. Kuna fujo ya herufi za Kilatini iliyovalishwa sura ya Kivai. Ukimtumia mtu asiye na fonti ile ile, anaona upuuzi. Ukibadilisha kompyuta, kazi yako ya miaka inapotea sura. Na fonti za aina hiyo zilikuwa na nafasi 256 kwa nyingi zaidi, ambazo baadhi haziguswi, huku Kivai kikihitaji zaidi ya mia mbili kabla hujaweka nukta wala mabano. Nimewahi kukabidhiwa faili za namna hiyo, za lugha nyingine, ambazo aliyechora fonti yake hakupatikana tena. Kuzirudisha ni kukaa na karatasi ya zamani pembeni na kutafsiri alama moja moja.

Unicode ndiyo dawa yake: orodha moja ya dunia nzima, kila herufi na namba yake, isiyotolewa kwa herufi nyingine na isiyofutwa. Kuingia humo huombwa kwa maandishi. Pendekezo la Kivai liliandikwa na Michael Everson, Charles Riley na José Rivera, na likafika mbele ya kamati ya Unicode mwaka 2005. Mwaka huo unasema mengi. Vita vya pili vya Liberia vilikuwa vimekwisha Agosti 2003. Watu walikuwa wametawanyika Ghana, Sierra Leone, Guinea na Marekani, na barua za kalamu zilizokuwa zikitembea kati ya kijiji na kijiji sasa zilihitaji kuvuka bahari. Katika hali hiyo, kukaa na kubishania kama alama fulani ya mwaka 1850 ni sawa na hii ya leo kungeweza kuonekana ni anasa. Mimi naona kulikuwa ni wajibu, na namshukuru kila aliyeutimiza.

Maana ubishani ulikuwepo wa kutosha. Maandishi yanayofundishwa jioni na mjomba hayawi sawa kila mahali. Kila kijiji kina mkono wake. Hata sura zenyewe zimekuwa zikibadilika: watafiti waliolinganisha maumbo ya alama za Kivai kuanzia miaka ya 1830 hadi 2005 walionyesha kwamba yamekuwa yakirahisika kizazi baada ya kizazi, na yaliyokuwa na mikunjo mingi zaidi ndiyo yaliyopungua zaidi. Unapotoa namba, unampa nani? Umbo la babu au la mjukuu? Kanuni ya Unicode ni kwamba namba hupewa herufi, si mchoro. Mkono wa babu na wa mjukuu ni herufi moja, na fonti ndiyo itakayoonyesha tofauti. Kwenye karatasi kanuni hiyo ni sentensi moja. Kuitimiza kunahitaji mtu anayesoma Kivai, akiwa na barua mbele yake, aseme: hii na hii ni moja, ile hapana.

Kwa bahati njema kazi kubwa ilikuwa imekwishafanywa Liberia yenyewe. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Liberia kiliitisha kikao cha kusanifisha maandishi haya. Aliyekisimamia ni Fatima Massaquoi. Baba yake, Momolu Massaquoi, alikuwa mtawala wa Wavai aliyechapisha makala juu ya silabi hizi mwaka 1911, na katika miaka ya 1920 alikuwa balozi mdogo wa Liberia mjini Hamburg, ambako alifundisha Kivai chuoni. Wataalamu wa kikao cha binti yake walikubaliana chati moja: sauti zipi zina alama, kila alama ina umbo gani, zipangwe vipi. Zimepangwa kwa irabu, kwanza e na jamaa zake zote, kisha i, a, o, u, halafu zile irabu mbili za mdomo ulio wazi zaidi. Bila kikao kile, kamati ya Unicode ingekuwa inapanga lugha ya watu kwa kubahatisha. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu simulizi za teknolojia hupenda kuanza pale mtaalamu wa nje anapoingia mlangoni.

Lakini chati ya 1962 haikutosha, na hapa ndipo kazi hii iliponishika moyo. Wangeweza kuisajili chati ya kisasa pekee, wakafunga daftari. Hawakufanya hivyo. Ipo hati ya kale sana ya Kivai iitwayo Kitabu cha Ndole, na ndani yake zimo silabi tano ambazo hazilingani na chati: fa, ka, soo, ma na do za namna yake. Zote tano zina namba, na jina Ndole limeandikwa rasmi katika majina yake. Mbili kati yake, ma na do, ndizo zinazofunga orodha nzima kwenye A62A na A62B. Zimo pia alama kumi na tatu ambazo waandishi wa mwanzo walizitumia kwa neno zima badala ya silabi: ya kitu, ya kisiwa, ya ng'ombe, ya kusikia, ya kwenda, ya kufa. Baadaye watu waliacha kuzitumia na kuandika maneno hayo kwa silabi kama mengine.

Ya mwisho kati ya hizo kumi na tatu, A61F, ni alama ya mtumwa. Nimeitazama mara nyingi. Maandishi haya yalizaliwa kwenye pwani iliyokuwa bado ikiuza watu, na Mwingereza aliyeyaona mara ya kwanza alikuwa kwenye meli ya kuzuia biashara hiyo. Neno hilo liliandikwa mara nyingi kiasi cha kuhitaji alama yake. Angeweza kutokea mtu wa kusema alama ya aibu hii tuiache, haitumiki tena. Imeachwa ilipo, kati ya "kuwa mdogo" na tarakimu sifuri, na mwanahistoria atakayenakili hati ya miaka ya 1840 ataweza kuandika kile ambacho mwandishi wake aliandika.

Tarakimu nazo zina kisa. Katika miaka ya 1920 ziliundwa tarakimu kumi za Kivai, maumbo ya kawaida ya 0 hadi 9 yaliyopewa mtindo wa Kivai. Hazikupendwa. Wavai waliendelea na tarakimu ambazo sote tunazijua, na hadi leo ni hivyo. Zimesajiliwa hata hivyo, kwa ajili ya karatasi chache zilizozitumia. Hali hiyo hiyo iko kwenye alama za vituo. Nukta na mkato wa Kivai vipo, vikiwa na namba zake, lakini baadhi ya vitabu vya kujifunzia hupendelea vya Kizungu. Na wapo waandishi wasiotumia vyote viwili: wakimaliza sentensi huandika silabi "hee", basi, msomaji akajua imekwisha. Msanifu wa programu anayetafuta mwisho wa sentensi hatautambua, na sioni sababu ya kumlaumu mwandishi.

Kuna jambo moja limekaa vibaya kidogo, nalo ni majina ya alama. Sheria za Unicode zinaruhusu majina hayo yatumie A hadi Z tu, kwa hiyo irabu e imeandikwa EE na ile ya mdomo wazi ikaandikwa E. Vivyo hivyo OO na O. Anayesoma jina peke yake anaweza kudhani EE ni irabu ndefu, kumbe urefu una alama yake yenyewe. Majina hayabadilishwi kamwe yakishatoka. Ni dosari ndogo, lakini mwalimu yeyote atakayeitumia orodha hiyo aanze kwa kuwaonya wanafunzi.

Ili kuona kwamba mambo yangeweza kwenda kwa njia nyingine, tazama Cameroon. Mfalme Njoya wa Foumban alianza maandishi ya Kibamum karibu na mwaka 1896 kwa alama zaidi ya mia tano, akayafupisha awamu kwa awamu hadi kufikia alama 80 hivi mnamo 1910. Wakoloni wa Kifaransa walimvua madaraka yake na mwaka 1931 wakampeleka uhamishoni Yaoundé, akafia huko 1933. Kwa Kibamum, kamati ilitoa namba kwa maandishi ya mwisho mwaka 2009, alama 88, kisha mwaka 2010 ikaongeza za awamu za kale, 569, kila moja ikiwa na jina la awamu yake. Kwa Kivai mikono ya kale iliunganishwa na ya sasa isipokuwa pale ilipokosa mwenza. Kwa Kibamum kale imewekwa kando kwa wingi wake. Njia zote mbili ni sahihi kwa sababu historia ni mbili. Mfalme mmoja alipanga na kupangua kwa amri, na kila awamu ina mwanzo na mwisho wake. Wavai walibadilisha taratibu, barua kwa barua, na hakuna siku unayoweza kuitaja kuwa ndipo alama ya zamani ilipokoma.

Kikakui cha Wamende wa Sierra Leone kilisubiri hadi 2014. Kilianzishwa na Mohamed Turay, na Kisimi Kamara akakieneza tangu 1921. Kinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na hesabu yake haina sifuri: tarakimu huongezewa alama ya makumi, mamia, maelfu, hadi mamilioni. Alama zake ni 213, nazo zimewekwa mbali zaidi kwenye orodha, mahali ambapo programu nyingi za zamani hazifiki. Nitarudi hapo.

Namba ni hati ya kiwanja. Bila hati hujengi kwa amani, lakini ukiwa nayo bado unalala nje. Baada ya 2008 zilitakiwa fonti, na zikaja: Microsoft waliiweka Kivai kwenye fonti ya Ebrima iliyotoka na Windows 7 mwaka 2009, na baadaye Google wakatoa Noto Sans Vai bure kwa kila anayeitaka. Simu nyingi leo zinaonyesha Kivai bila mwenye simu kujua. Kibodi ni ngumu zaidi, kwa kuwa huwezi kuweka vitufe mia mbili kwenye kioo cha simu. Njia inayofanya kazi ni ya kuandika sauti kwa herufi za Kilatini na programu ikabadilisha: unagonga b na a, inatokea alama moja. Inafaa, ila inamtaka mwandishi ajue herufi za Kilatini kwanza, na mzee aliyefundishwa Kivai na mjomba wake, bila kupita shule ya Kiingereza, anabaki nje. Huyo ndiye mwenye maandishi. Kibodi ya chati, anayoiona na kuigusa kwa irabu na konsonanti, ingemfaa yeye zaidi, na natamani nguvu ielekezwe huko.

Halafu kuna maneno. Kivai huandikwa bila nafasi kati ya neno na neno. Mstari unaweza kukatwa karibu popote, isipokuwa usikatwe kabla ya alama ya kurefusha silabi wala kabla ya "ng" inayofunga silabi, maana hizo ni mali ya silabi iliyotangulia. Kanuni hiyo ni ndogo, imeandikwa, na bado programu isiyoizingatia itaanzisha mstari kwa mkia wa silabi. Kwa mpanga kurasa hilo linaumiza macho. Utafutaji nao unataka kujua neno linaanzia wapi, na hapo kompyuta inahitaji kamusi ya Kivai ndani yake. Orodha ya namba peke yake haiwezi kulitatua.

Kwenye ujumbe mfupi wa simu kuna faida ambayo sijaona ikisemwa. Ujumbe wa herufi za Kilatini unabeba herufi 160. Ukitumia maandishi mengine, unashuka hadi 70, na wengi huona hiyo ni adhabu. Lakini kila alama ya Kivai ni silabi nzima, na nafasi kati ya maneno haipo. Alama 70 ni silabi 70, ambazo kwa Kilatini zingekula herufi 140 au zaidi pamoja na nafasi. Kivai kinakaribia kulipa kile kilichotozwa. Kikakui hakina bahati hiyo, kwa kuwa kule mbali kilikowekwa kila alama inahesabiwa mara mbili, na ujumbe unabaki na 35.

Hapo nina ombi kwa wenzangu wanaotengeneza mifumo, wa kwetu Afrika Mashariki pia, kwa kuwa hifadhidata tunazotumia ni zile zile. MySQL ina mpangilio wa herufi uliozoeleka kuitwa utf8 ambao hupokea herufi za baiti tatu (baiti ni kipimo cha nafasi kwenye kompyuta) na si zaidi. Kivai kinachukua baiti tatu, kinapita. Kikakui kinachukua nne, kinakataliwa au kinakatwa. Mpangilio wa utf8mb4 unapokea vyote. Ni neno moja la kubadilisha unapounda jedwali, na jina la Mmende linahifadhika. Vilevile zile fomu zinazokataa jina lolote lisilo la A hadi Z: ziondoeni kizuizi hicho. Hakimlindi mtu yeyote.

Na kazi haijaisha kwa majirani wa Wavai. Ndani ya Liberia hiyo hiyo, katika miaka ya 1930, Chifu Gbili wa Sanoyie alianzisha silabi za Kikpelle, na Wido Zobo akaanzisha za Kiloma. Mapendekezo ya awali ya kuzisajili yamekwishaandikwa, lakini silabi hizo bado hazina namba. Kinachokosekana si nia wala nafasi, kwa kuwa nafasi ni tele. Kamati hutaka ushahidi: maandishi halisi, yaliyoandikwa na watu kwa mahitaji yao, ya kutosha kuonyesha alama ipi ni ipi na sauti yake ni gani. Kivai kilikuwa na barua za karne moja na nusu na kikao cha 1962. Kikpelle na Kiloma havikupata kikao cha namna hiyo, na waliovisoma walikuwa wachache.

Kwa hiyo aliye na rafiki, mke, mume au mfanyakazi mwenzake mwenye asili ya Wakpelle au Waloma, wa Liberia au wa Guinea, amuulize kama nyumbani kwao kuna daftari au barua ya babu isiyosomeka kwa herufi za kawaida. Ipigwe picha kwa mwanga wa mchana, ukurasa mzima hadi pembe zake, nyuma na mbele. Yaandikwe pembeni jina la kijiji, jina la aliyeiandika kama familia inaridhia, na mwaka kama unajulikana. Kama yuko mzee anayeisoma, arekodiwe akiisoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata alama. Kisha nakala ipelekwe kwa chuo au maktaba inayohifadhi nyaraka za Liberia, na ya asili ibaki kwa wenyewe.